Ngoma Zinasikika, Mpigaji Haonekani

Ödemiş, 9 Machi 1993

Kwa Bwana Feridun Kayalı, wa Ukurasa wa Kanda, Istanbul

Bwana Feridun, natumaini barua hii inakukuta mzima, na mwenye hasira kidogo tu. Huku kwetu tunausoma ukurasa wako kila mwezi. Tunajua wasomaji wanakuita Mchinjaji, na bado tumejipeleka machinjioni kwa miguu yetu wenyewe.

Ndani ya kifurushi kuna kanda ya video ya onyesho la bendi yetu. Tunaitwa Soba, yaani jiko la kuotea moto, kwa sababu mazoezi tunafanyia kwenye ghala la viazi, na bila lile jiko la chuma la pembeni vidole vya mpiga gitaa havikunjuki. Onyesho tulifanya ukumbi wa harusi, siku ya Jumanne, maana siku nyingine ukumbi una harusi kweli. Ukiona mawaridi ya plastiki nyuma ya jukwaa, usidhani ni mapenzi yetu. Aliyetupiga picha ni mpiga picha wa harusi wa hapa mjini, kwani hakuna mwingine mwenye kamera ya kubeba begani.

Tumesoma kwamba unachagua bendi za mikoani zitakazopiga usiku wa muziki wa jarida lenu, mwezi wa tano. Tungependa kuja, sitakuficha. Lakini kuna jambo zaidi ya hilo. Mpiga ngoma wetu anaishi kwa baba yake, na baba hapendi habari za roki. Wamebishana mwaka mzima. Mwishowe mzee ametoa neno: kanda iende kwa mtu anayejua. Akisema ni kelele tupu, ngoma zinauzwa na mpigaji anarudi dukani kuuza fremu za picha. Akisema kuna kitu, baba mwenyewe atampeleka Istanbul. Ni mzee asiye na kauli mbili, kwa hiyo hukumu yako itatekelezwa.

Tunakungoja kwa hofu na heshima.

Perihan Tuna, kwa niaba ya Soba


Istanbul, 22 Machi 1993

Binti Perihan,

Nianze na sauti, maana nikishamaliza sauti sitakuwa na jema la kusema.

Sauti: nane kati ya kumi. Aliyetega vinasa sauti alivitega mbali na spika, jambo ambalo nusu ya bendi za Istanbul hazijalijua mpaka leo. Gitaa linakwaruza pale linapotakiwa kukwaruza. Mwimbaji anapiga kelele kama kijana aliyelelewa vizuri, atajifunza. Ngoma ndizo zilizonifanya niweke chai yangu chini. Mpigaji anachelewa kidogo sana, kwa makusudi, mpaka unainama kwenye kiti ukimngoja, halafu anafika. Hilo halifundishwi.

Picha: moja. Na hiyo moja nimeitoa kwa sababu kifuniko cha lenzi kiliondolewa. Nani huyo punda aliyeshika kamera? Wimbo wa pili, gitaa linalia kwa uchungu, na yeye anazunguka meza moja moja, polepole, kila mgeni anapunga mkono na kutafuna karanga. Kuna bibi mmoja kapigwa picha muda mrefu kuliko bendi nzima. Bibi huyo huyo anapanda jukwaani katikati ya wimbo na kumbandika mwimbaji noti kifuani kwa pini na utepe mwekundu, kama bwana harusi, na mwimbaji anaendelea kutoa ukelele wa kifo huku noti inapepea. Halafu mwisho wa wimbo picha inajikunja kuwa umbo la moyo. Moyo, binti yangu! Kijana amevaa ngozi nyeusi, amefumba macho, anatangaza mwisho wa dunia ndani ya kopa la rangi ya waridi. Na ngoma zilipobaki peke yake, dakika nzuri kuliko zote, kamera yenu iliinuliwa juu ikapiga picha saa ya ukutani, tena kwa kutikisika, utadhani aliyeibeba yuko juu ya mkokoteni.

Sasa jambo la uzito. Mpiga ngoma huyo sijamwona. Si uso, si mkono, si kijiti. Mwaka juzi bendi moja ilinidanganya: nilisifu ngoma zake kwenye ukurasa, kumbe zilitoka kwenye kaseti ya mtu mwingine nyuma ya pazia. Nilichekwa nchi nzima. Tangu siku hiyo nisichokiona sikihukumu. Kwa hiyo siwezi kusema kuna kitu, wala siwezi kuwaweka kwenye orodha. Nileteeni kanda nyingine kabla mwezi wa nne haujaisha, mpiga ngoma akiwa ndani yake. Na tafuteni mtu mwingine wa kamera.

Feridun Kayalı


Ödemiş, 30 Machi 1993

Bwana Feridun,

Huyo punda ni baba yangu.

Usiombe radhi, hukujua, na mimi ndiye niliyeficha. Nina la pili nililoficha. Mpiga ngoma ni mimi. Niliandika kana kwamba namsemea mtu mwingine kwa sababu niliogopa ukisoma kwamba ni msichana utanihurumia, au utacheka, na mimi nilitaka unichinje kama unavyowachinja wengine.

Sasa sikiliza nilivyojitia matatani. Barua yako ilifika wakati wa chakula cha usiku. Baba alikuwa ameacha miwani dukani, akasema, “Soma, mwanangu, usiruke neno.” Sehemu ya ngoma niliisoma kama ilivyo, neno kwa neno. Baba alikuwa anamega mkate, akaacha kuumega. Nilipofika kwenye picha nikamwona amekaa wima kama mtoto anayengoja jina lake liitwe. Nikashindwa. Nikasoma: “Picha, tisa. Aliyeshika kamera ni fundi wa mafundi.” Makopa niliyasifu mimi mwenyewe, papo hapo, kwa maneno mazuri sana. Kuhusu mpiga ngoma asiyeonekana sikusoma kitu. Nilisema hakimu ataamua baadaye.

Asubuhi yake aliwanunulia chai watu wote mkahawani. Shangazi Hacer, yule bibi mwenye noti, anatembea mjini akisema ametambuliwa Istanbul. Kwetu husemwa mcheza kwao hutunzwa, na yeye amechukua maneno hayo kama amri ya serikali.

Kwa hiyo siwezi kumwomba baba apige picha upya, maana ataniuliza kwa nini. Na siwezi kumtafuta mwingine, maana hilo litamuua. Lakini nikwambie linaloniuma kuliko kukosa Istanbul. Kamera ya baba ilipiga kila meza. Ilimpiga mhudumu wa juisi, ilimpiga paka wa ukumbini. Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya jukwaa, mahali wanapoweka kiti cha bibi harusi, na hakunielekezea hata mara moja. Wewe unadhani ni uzembe. Mimi namjua, baba hafanyi uzembe kazini. Naona ananionea haya. Anaweza kunipeleka Istanbul kwa sababu ameahidi, lakini hataki nionekane.

Akikuandikia, tafadhali usinifichue.

Perihan


Ödemiş, 5 Aprili 1993

Kwa Bwana Feridun Kayalı, hakimu

Bwana mheshimiwa, mimi ni İlhami Tuna, fundi wa picha na video, harusi, tohara na sherehe za kuwaaga vijana wanaokwenda jeshini. Nimekutumia gunia dogo la viazi vya huku kwetu kwa basi. Usivichemshe, vioke kwenye majivu.

Nakushukuru kwa barua yako ambayo sijaisoma. Nimesomewa na binti yangu. Tena nakwambia: njia ya mwongo ni fupi, na ya binti yangu ni fupi zaidi, kwa sababu akisoma kweli husoma polepole na akisoma uongo huenda mbio. Ngoma alizisoma polepole. Picha alizisoma kama anafukuzwa na mbwa. Mtu anayeitwa Mchinjaji hawezi kunipa tisa. Nimewanunulia watu chai kwa furaha ya zile ngoma, nao wakadhani ni kwa ajili yangu, nikawaacha wadhani.

Basi niambie ukweli, fundi kwa fundi. Mimi nimefundishwa kwamba kila mgeni aonekane, asiyeonekana hununa mpaka kaburini, na kwamba mkono unaobandika noti usikosekane kamwe. Makopa watu huyalipia zaidi. Inawezekana roki haina taratibu hizo. Sikumwuliza mtu, nilifanya ninavyojua.

Ila kuna moja nataka nikueleze mwenyewe, maana bila shaka umeliona. Binti yangu hayumo kwenye kanda. Fundi aliyenilea katika kazi hii alikuwa na sheria moja: usimpige picha mtu atakayekutoa machozi, kwa sababu kamera iko begani, na bega likitikisika kazi imeharibika na mteja hakulipi. Nimeishika sheria hiyo maisha yangu yote. Binti yangu mkubwa, Gülsün, alipoolewa nilipiga picha wageni, chakula, muziki, mpaka viatu mlangoni. Bibi harusi hayumo. Mpaka leo mama yake akitaka kuiona harusi ile ananitazama mimi kwanza kwa jicho baya.

Jumanne ile nilimwelekezea Perihan kamera mara tatu. Kila mara bega likaanza. Mimi nilidhani anapiga masufuria. Sikujua. Bwana Feridun, nimemlea mtoto huyu na sikujua ana kitu kama kile ndani yake. Nikainua kamera nikaielekeza kwenye saa, nayo ikatikisika vilevile.

Usimwambie. Atajiona mshindi na nyumbani hakutakalika.

Fundi İlhami Tuna


Istanbul, 12 Aprili 1993

Fundi İlhami,

Viazi vimefika. Nimevioka kama ulivyoagiza na nimeunguza zulia.

Umetaka ukweli, haya. Picha nilikupa moja, na nilikuita neno ambalo sasa nalirudisha, lakini ile moja sirudishi. Roki si harusi. Wageni wasionekane, wanune. Makopa yazikwe, ikiwezekana na ile mashine inayoyatengeneza.

Sasa nikupe habari ya jirani yangu wa ghorofa ya juu, Bi Mualla. Mama huyu amegonga sakafu yake kwa fimbo ya ufagio tangu nilipohamia hapa. Kila ninapotazama kanda, anagonga. Juzi nilikuwa naitazama yenu tena, kutafuta mpiga ngoma, naye akashuka mwenyewe kunigombeza. Akafungua mdomo, akaona kwenye televisheni mawaridi, meza, juisi na bibi anayebandika noti. Akakaa. Akaomba chai. Alitazama mpaka mwisho bila kulalamikia kelele hata kidogo, halafu akaniuliza, “Bibi harusi yuko wapi?”

Nikamwambia hakuna bibi harusi, hii ni bendi. Akaniambia mimi sina macho. Akaniagiza niirudishe kanda nyuma, akanionyesha kwa kidole: kamera inakwenda kuelekea katikati ya jukwaa, inasita, inakimbia. Tena inakwenda, inasita, inakimbia. “Huyu mwenye kamera kuna mtu anamwogopa pale,” akasema. Mimi nimehukumu kanda miaka mingi na sikuliona hilo. Nilikuwa nimeshughulika kucheka makopa.

Umeniambia nisimwambie Perihan, na sitamwambia. Lakini yeye hakuniambia nisikwambie wewe jambo hili, au pengine aliniambia, na mimi nimesahau kwa makusudi: binti yako anaamini unamwonea haya. Anaamini ulimkwepa usije ukamwonyesha watu. Ameandika kwamba hilo linamuuma kuliko kukosa Istanbul. Wewe unaficha ushindi wake ili nyumba ikalike, na yeye anakaa humo humo akidhani hutaki aonekane.

Hukumu sijaitoa. Siwezi kumhukumu mtu nisiyemwona, na ahadi yako kwake inangoja hukumu yangu. Kwa hiyo chukua kamera, rudi ukumbini. Sheria ya fundi wako ni nzuri kwa wateja, lakini hapa hakuna mteja. Kanda iliyotikisika naweza kuihukumu. Kanda ambayo mtu hayumo siwezi. Nakungoja kabla mwezi haujaisha.

Feridun


Ödemiş, 21 Aprili 1993

Bwana Feridun,

Sijui umemwandikia nini baba yangu na yeye hasemi. Nikimwuliza anasema mlikuwa mnaongea habari za viazi.

Wiki iliyopita alikuja ghalani kwetu, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Akatazama jiko, akatazama ngoma, akagonga moja kwa kidole kama mtu anayenunua tikiti maji. Akasema ameongea na mwenye ukumbi, Jumanne tunarudia onyesho lote. Orçun, mwimbaji wetu, alifurahi sana, akanyoa na kuazima koti jipya. Shangazi Hacer akasukwa nywele. Mji mzima ukajua kuna picha.

Bwana Feridun, hawakupigwa picha. Hakuna hata mmoja. Taa zilipozimwa baba alipita katikati ya meza zote, watu wanapunga mikono, wanamwita, “Fundi, huku, fundi,” na yeye hageuki. Alipanda jukwaani, akampita Orçun, akaja akasimama mbele ya ngoma zangu, karibu mno mpaka nikaogopa kumpiga kijiti. Akaweka kamera begani. Hakuondoka pale mpaka wimbo wa mwisho.

Kwa mshangao nilikosea mlango wa wimbo wa kwanza, pale ngoma zinapoingia, utasikia, nipunguzie alama tu. Kuanzia wa pili nikaona lenzi inatikisika. Nilidhani anaumwa. Nilitaka kuacha kupiga. Akatoa uso nyuma ya kamera, mashavu yamelowa mpaka kwenye masharubu, akapiga kelele nimsikie juu ya magitaa yote, “Endelea! Dada yako nilimkosa. Wewe sikukosi.”

Nikaendelea. Sijui nilipigaje. Nakumbuka kwamba nilikuwa nacheka na vijiti vilikuwa vyepesi. Mambo ya haya niliyokuandikia mwezi uliopita, yafute. Nilikuwa simjui baba yangu.

Sasa nyumbani kuna vita vya namna nyingine. Orçun ametazama kanda na kukuta kiwiko chake tu, mara mbili. Shangazi Hacer hasemi na baba. Dada Gülsün amepiga simu akitaka harusi yake irudiwe, na mumewe amekubali. Baba hajatia kopa hata moja, nimeichungulia. Alisema utakapoiona utajua kwa nini haihitaji.

Kanda hii hapa. Safari hii mpiga ngoma yumo. Hukumu.

Perihan Tuna, mpiga ngoma wa Soba


Istanbul, 28 Aprili 1993

Kwa mpiga ngoma wa Soba, na asomewe pia Fundi İlhami, polepole,

Ndugu zangu, hii ndiyo hukumu, na itachapwa hivi hivi kwenye ukurasa.

Sauti: nane, kama mwanzo. Nimepunguza moja kwa mlango uliokosewa na nimeirudisha kwa yaliyofuata.

Ngoma: kuna kitu. Kipo, nimekiona kwa macho yangu, hakitoki kwenye kaseti ya mtu. Fundi, ahadi ni deni.

Picha: inatikisika tangu mwanzo hadi mwisho. Haina meza, haina ukumbi, haina mwanga wa kutosha. Kuna mahali hakionekani kitu isipokuwa mkono mmoja na nywele, na hata hivyo mtu anajua hasa mkono huo unafanya nini na aliyeutazama alikuwa katika hali gani. Nimejaribu kuipa alama kama ninavyozipa kanda nyingine na nimeshindwa, kwa hiyo nafasi ya alama itabaki wazi. Mhariri amelalamika. Nimemwambia atoe yeye kama anaweza.

Limebaki tatizo moja. Kwenye kanda ya kwanza sikumwona mpiga ngoma. Kwenye hii sijamwona mwimbaji, wala mpiga gitaa, wala mtu mwingine yeyote. Nimeona kiwiko. Mnajua kanuni yangu, nisichokiona sikihukumu, na nani ajuaye kama sauti hiyo haitoki kwenye kaseti? Haitoshi kuniletea kanda ya tatu, kwa sababu namjua sasa mwenye kamera na najua itakuwaje. Itabidi mje wote Istanbul, mwezi wa tano, usiku wa jarida, mpande jukwaani nithibitishe mmoja mmoja. Fundi aje na kamera. Asimame anapotaka.

Bi Mualla aliitazama kanda mpya jana, hapa kwangu, amejifunika shali nzuri. Kisha akapanda kwake, nikadhani amekwenda kulala, akarudi na noti mpya isiyokunjwa, pini na utepe mwekundu. Atakuja nao usiku ule. Anauliza bibi harusi atavaa nini, na anaomba kiwe kitu ambacho pini inaweza kupita.

Feridun